Benzi kuukuu: heshima ya barabarani, deni la dukani

Kila mwaka msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huanza kuzunguka Sapiwi, Dutwa na mjini Bariadi, na nyuma ya fedha hizo hufuata madalali wa kila aina. Miongoni mwao hakosekani mwenye habari ya Benzi. Ni ya zamani, huelezwa, lakini chuma chake ni cha Ujerumani, viti vyake ni vya kifahari, mwenyewe amehama au amefariki, na bei yake ni sawa na ya pikipiki mbili au tatu mpya. Anayeambiwa habari hiyo huongezewa neno moja la kummaliza: gari la namna hiyo haliozi, ni akiba.

Neno hilo la mwisho ndilo linalopaswa kupimwa. Benzi ya miaka ya 1970 na 1980 ni gari zuri, na wapo wanaostahili kuwa nayo. Lakini kuiita akiba, na hasa kuinunua kwa fedha ya mtaji wa mazao, ni kosa la hesabu ambalo mfanyabiashara wa Sapiwi hulilipa kwa miaka mingi. Bei ya kununulia ni mlango tu. Gharama yenyewe imo ndani ya nyumba.

JINA LILIVYOJENGEKA

Hapana budi kukiri kwamba jina la Benzi halikujengwa kwa matangazo matupu. Katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza 1953, Benzi zilishinda 1959, 1960 na 1961, kwenye vumbi na tope lile lile ambalo magari mengine yalikwama. Katika miaka hiyo hiyo Usukuma ilikuwa na fedha ya pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoanzishwa 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, na mkulima wa Kanda ya Ziwa alijua vizuri tofauti ya anayeuza pamba na anayepita kuikagua akiwa kiti cha nyuma.

Baada ya Uhuru neno "Wabenzi" likaenea Afrika Mashariki nzima kuwa jina la tabaka la wakubwa. Azimio la Arusha la 1967 liliwawekea viongozi masharti ya kutomiliki hisa wala nyumba za kupangisha, na kwa miaka mingi gari la kifahari likawa ama la Serikali au la kuonewa shaka. Mambo yalilegea 1984, pale Serikali ilipowaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Magari ya mtumba yakaanza kuingia kwa wingi. Miaka kumi baadaye, 1994, biashara ya pamba nayo ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na wachuuzi wa Shinyanga, Mwanza na Bariadi wakapata kwa mara ya kwanza fedha na ruhusa kwa pamoja.

Benzi nyingi kuukuu zinazotajwa na madalali leo ni za kizazi hicho. Muundo maarufu zaidi ni ule wa W123, uliotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986. Aliyemwona mnunuzi wa pamba akishuka ndani ya gari hilo akiwa mtoto hawezi kuliangalia kama chuma tu. Dalali analijua hilo, na kwenye bei yake ameshaliweka.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa Sapiwi anayenunua choroko, dengu na mpunga, naye amepata Benzi 240D ya dizeli kwa Sh milioni 8. Gari linatembea, kadi ipo, rangi imepigwa upya. Anakwenda nalo Bariadi, mara kwa mara Lamadi, na mara moja moja Mwanza. Hesabu yake ifanywe kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, ambazo si nyingi kwa mtu wa biashara.

Gari la aina hiyo hunywa takriban lita 10 kwa kilomita 100. Kwa bei ya mfano ya Sh 2,800 kwa lita, mwezi mmoja ni Sh 280,000 na mwaka mzima ni Sh 3,360,000. Matairi manne kwa Sh 200,000 kila moja, yakidumu miaka miwili, ni Sh 400,000 kwa mwaka. Mafuta ya injini pamoja na chujio lake, kwa vumbi la huku, yabadilishwe mara tatu kwa mwaka. Kwa Sh 150,000 kila mara ni Sh 450,000. Bima ndogo ni kama Sh 120,000. Hadi hapo ni Sh 4,330,000, na fundi hajagusa spana.

Kwa gari lenye umri wa miaka 40, kutenga Sh 1,670,000 kwa mwaka kwa ajili ya matengenezo si uoga. Bushi, boljointi, shokapu, pampu ya maji, rejeta, plagi za kupashia injini moto na mipira ya breki haviharibiki kwa zamu, huweza kuharibika pamoja. Jumla inafika Sh milioni 6 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba katika miezi 16 mwenye gari atakuwa amelinunua mara ya pili, na safari hii hakuna wa kupatana naye bei.

Kuna gharama nyingine isiyoandikiwa risiti. Sh milioni 8 zile zile zingewekwa kwenye hati fungani za Serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kuanzia Sh milioni moja, kwa riba ya mfano ya asilimia 10 zingeleta Sh 800,000 kwa mwaka huku mtaji ukiwa salama. Zingewekwa kwenye dengu wakati wa mavuno na kuuzwa bei ikipanda, mwenye biashara mwenyewe anajua zingeleta nini. Gari limezifunga.

IKIPIMWA KWA PAMBA

Watu wa Bariadi hupima fedha kwa pamba, na kipimo hicho kinaonyesha hatari ilipo. Bei dira ya pamba mbegu ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo mwaka 2019. Mwaka 2020 ikashuka hadi Sh 810. Mwaka 2022 ikapanda hadi Sh 1,560, na 2023 ikarudi Sh 1,060. Katika miaka mitano tu bei iliweza kupanda kwa karibu maradufu na kushuka tena kwa theluthi nzima.

Benzi haijui habari hizo. Sh milioni 6 zake za mwaka ni kilo 3,846 za pamba kwa bei ya 2022, kilo 5,660 kwa bei ya 2023, na kilo 7,407 kwa bei ya 2020. Kwa mavuno ya kilo 300 kwa ekari, hizo ni ekari 13 katika mwaka mzuri, ekari 19 katika mwaka wa kawaida na ekari 25 katika mwaka mbaya, kabla ya kulipia palizi, viuatilifu na vibarua wa kuvuna. Aliyenunua gari kwa furaha ya 2022 alitakiwa kulitunza kwa fedha ya 2023.

Ndipo Benzi nyingi zinapofia. Hazifi barabarani. Husimamishwa chini ya mwembe "kusubiri msimu", betri ikaisha, mipira ikakauka, panya wakaingia kwenye viti, na msimu ulipofika gari likawa linahitaji mara mbili ya fedha iliyokosekana. Gari kuukuu linaloegeshwa miezi sita huharibika kuliko linalotembea kila wiki.

FUNDI NA SPEA

Wauzaji husisitiza kwamba Benzi za zamani ni rahisi kutengeneza kwa kuwa hazina kompyuta. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Injini ya dizeli ya 240D yenye silinda nne ni ya kimakanika mtupu, na fundi mzuri wa matrekta anaweza kuielewa. Tatizo ni kwamba gari hilo lina mambo yake yasiyopatikana kwenye Toyota. Kwa mfano, injini hiyo huzimwa kwa mfumo wa kunyonya hewa ambao pia hufunga milango. Bomba dogo la mpira likipasuka popote, hata ndani ya mlango wa nyuma, dereva huchomoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Asiyejua atafungua pampu ya dizeli na kuiharibu. Anayejua atafungua boneti, abonyeze kizimio cha mkono kilichopo kwenye injini, kisha atafute bomba la bei ya soda.

Bei ya ujuzi huo ndiyo inayomsumbua mwenye gari wa Sapiwi. Mafundi wa karibu wamejifunzia mikono yao kwenye pikipiki, Probox na Noah kwa kuwa ndizo zinazoletwa kila siku. Fundi aliyekulia kwenye Benzi hupatikana Mwanza, si chini ya kilomita 150 kutoka Bariadi, na yeye naye huzeeka bila mwanafunzi. Lami ya Lamadi hadi Bariadi, kilomita 71.8, imesaidia sana. Lakini njia za kuingilia vijijini ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wa udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, na gari hili liko chini kuliko Probox iliyoinuliwa springi.

Spea zenyewe zipo. Kiwanda cha Mercedes-Benz kina kituo maalumu cha magari yake ya zamani huko Fellbach, Ujerumani, tangu 1993, na bado hutoa vipuri vingi vya miundo iliyokwisha kuacha kutengenezwa. Vipo pia vya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, na vinavyopita Sirari kutoka Kenya. Kipuri halisi ni ghali na huja kwa kusubiri. Cha bandia ni rahisi na hurudi dukani mapema. Cha gari lililokatwa ni bahati nasibu. Mwenye gari hujikuta akinunua vyote vitatu kwa mpangilio mbaya: huanza na bandia, hufuata kilichotumika, na humaliza na halisi alichokwepa mwanzoni.

EURO MILIONI 135

Wapo watakaojibu kwamba duniani magari ya zamani yanapanda bei. Mfano wao mkubwa ni wa Mei 2022, pale Benzi aina ya 300 SLR ya mwaka 1955 ilipouzwa kwa Euro milioni 135, bei ambayo gari lolote halijawahi kuifikia mnadani kabla yake. Habari hiyo ilisomwa hata Bariadi, na madalali waliipokea kama mvua ya kwanza.

Lakini magari ya namna ile yalitengenezwa mawili tu. W123 zilitengenezwa takriban milioni 2.7. Mfanyabiashara yeyote wa nafaka anajua tofauti ya bidhaa iliyopo gunia mbili nchi nzima na iliyojaa kila ghala. Kinachopandisha bei ya W123 huko Ulaya ni gari lililokaa gereji, lenye rangi ya kiwandani na kitabu cha matengenezo kilichopigwa muhuri kila mwaka. Lililofungwa injini ya Toyota, taa za gari jingine na viti vilivyoshonwa upya kwa turubai si la kundi hilo, hata kama nyota ya mbele bado inang'aa.

Tena bei ni bei pale tu panapokuwa na mnunuzi. Nairobi wapo wapenzi wa magari ya zamani waliojipanga. Maonyesho yao ya kila mwaka yalianza 1970, na tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya kale yaliyowahi kupita hata Tanzania. Sapiwi hakuna soko hilo. Mwenye Benzi akipata mgonjwa au karo ya Januari, wanunuzi wake ni watu wawili au watatu, na wote wanajua ana shida. Ng'ombe huuzwa mnadani siku moja kwa bei inayojulikana. Hisa huuzwa kupitia soko la Dar es Salaam, ambalo limekuwa likifanya kazi tangu 1998. Gari kuukuu huuzwa kwa kubembeleza.

KODI HAISAHAU UMRI

Anayefikiri kuagiza lake mwenyewe kutoka nje ajue kwamba sheria ya kodi imekwisha kutoa maoni yake kuhusu magari makuukuu. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari dogo lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 na umri unaozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, nyongeza ya uchakavu asilimia 30, na juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Gari ambalo thamani yake na nauli hadi bandarini ni Sh milioni 10 hufikia zaidi ya Sh milioni 20 kabla ya tozo ndogo ndogo na usajili. Na thamani hiyo si lazima iwe ile ya kwenye risiti, kwani TRA ina makadirio yake.

Ndiyo maana wengi hununua yaliyopo nchini, na huko ndiko kwenye mtego wa pili. Si ajabu kadi ya gari ikawa bado inasoma jina la mwenye gari wa tatu nyuma. Asiyehamisha jina TRA siku ya kununua ananunua pia madeni, faini na magomvi ya mirathi ya watu asiowajua. Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huo, na benki haina hamu nalo kama dhamana. Mali isiyokatiwa bima kubwa wala kukubaliwa benki ni vigumu kuiita akiba, hata kama inapendeza namna gani.

UPANDE WA PILI

Haki isemwe. Heshima ina faida ya fedha. Mnunuzi wa mazao anayefika kijijini kwa gari lililotunzwa huaminiwa haraka kuliko anayeteremka kwenye bodaboda, na imani hiyo humpatia mzigo wa kulipia kesho. Wakati wa harusi, baada ya mavuno, Benzi nyeupe iliyosuguliwa hukodishwa na kurudisha sehemu ya gharama. Tena mtu aliyefanya kazi miaka 30 ana haki ya kukalia kiti anachokipenda bila kuulizwa faida.

Hoja hizo zote ni sahihi, na zote ni za matumizi. Mtu hununua suti ya harusi bila kuiita mtaji. Benzi nayo ikiandikwa kwenye ukurasa huo huo wa daftari, hesabu zinakaa sawa na nyumba inakuwa na amani. Ugomvi huanza pale mke, watoto na wabia wanapoambiwa kwamba fedha iko salama ndani ya gari, halafu Mei ikafika, wenzake wakaanza kununua mzigo, na yeye hana cha kununulia.

MSIMAMO WA KUFUATA

Kwa anayetaka bado, utaratibu mzuri si mgumu. Fedha ya kununulia itoke kwenye faida iliyokwisha kupatikana, kamwe isitoke kwenye mtaji wa mazao. Kabla ya kulipa, fedha nyingine sawa na matunzo ya mwaka mmoja iwe imetengwa pembeni. Asiyeweza kuitenga hajafikia gari hilo. Dizeli ya silinda nne ichaguliwe kabla ya petroli ya silinda sita, ambayo hunywa zaidi na kudai fundi bingwa zaidi. Fundi atakayelitunza ndiye alikague, tena akilipwa na mnunuzi na si dalali. Namba za injini na chesesi zilinganishwe na kadi, na jina lihamishwe kabla ya funguo kukabidhiwa.

Wakati nao una bei. Juni hadi Agosti, fedha ikiwa mikononi mwa watu, kila chenye magurudumu hupanda thamani. Januari hadi Machi, karo zikiwa zimelipwa na mazao yakiwa bado shambani, wenye magari hulegea. Kwa hiyo mwenye hamu ya Benzi anunue mvua zikiwa zinanyesha, na mwenye hamu ya kuiuza asubiri mizani ya pamba ifunguliwe.

Benzi iliyonunuliwa kwa mtindo huo inaweza kumpa mwenyewe miaka mingi ya raha, na ikafika hata kwa wajukuu. Ile iliyonunuliwa kwa mtaji wa choroko itauzwa kabla ya msimu wa pili, kwa nusu ya bei, na mnunuzi wake atakuwa dalali yule yule aliyeileta.